Maiki ya Kutumia na Vokoda ya Kinanda: Ulinganisho wa Aina Nne

Mpiga kinanda anayepata sinthesaiza (kinanda cha kielektroniki) yenye vokoda, yaani sehemu inayokifanya kinanda kitamke maneno unayoyasema kwenye maiki, hukutana na swali hili mapema: atumie maiki ya shingo iliyokuja ndani ya boksi, achukue maiki ya kawaida ya waimbaji, avae maiki ya kichwani, au anunue maiki ya studio? Ushauri anaopewa mara nyingi hutokana na uzoefu wa kurekodi au kukuza sauti za waimbaji, nao uzoefu huo ni mzuri, lakini hauhamii hapa moja kwa moja, kwa kuwa katika vokoda sauti ya maiki haiendi kwa msikilizaji. Kinachosikika ni kinanda. Maiki inafanya kazi ya usukani tu.

Ni vyema kueleza jambo hili kidogo kabla ya kulinganisha chochote. Vokoda ilibuniwa na mhandisi Homer Dudley katika maabara ya Bell nchini Marekani miaka ya 1930, kwa ajili ya mawasiliano ya simu. Kifaa hicho huigawa sauti ya msemaji katika mikanda kadhaa ya masafa, kuanzia sauti nzito hadi nyembamba, hupima nguvu ya kila mkanda kwa kila wakati, kisha vipimo hivyo hutumiwa kufungua na kufunga mikanda ya namna hiyohiyo katika sauti nyingine. Kwenye sinthesaiza, sauti hiyo nyingine ni noti unazobonyeza. Mikanda yenyewe si mingi: microKORG ya Korg, iliyotoka mwaka 2002 na ambayo bado ipo mikononi mwa wapigaji wengi, ina mikanda 8 tu. Ule ulaini wa sauti, joto la kifua na mng'ao wa juu kabisa ambao watu hulipia fedha nyingi katika maiki za gharama hupotea karibu wote pale mlangoni, kwa sababu vokoda haina nafasi ya kuvibeba.

Kwa hiyo ninayolinganisha hapa si maiki iliyo nzuri zaidi kwa ujumla, bali ni ipi inayoendesha vokoda vizuri zaidi mahali unapoitumia.

Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza ni usomekaji wa maneno. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, nazo irabu ndizo vokoda inazozipenda, lakini maana hubebwa na konsonanti. Maneno pika, fika, shika na zika hutofautiana kwa sauti ya kwanza pekee, na maiki inayopoteza masafa ya juu humwachia msikilizaji "ika" tupu. Sauti s, kwa mfano, ina sehemu kubwa ya nguvu yake juu ya hezi 4,000, yaani mitetemo 4,000 kwa sekunde. Maiki inayofika hezi 12,000 au 15,000 bila shida inatosha. Hakuna faida ya kutafuta inayofika 20,000.

Kigezo cha pili, ambacho kwangu ndicho kizito kuliko vyote kwa anayepiga jukwaani, ni uwezo wa kukataa sauti zisizotakiwa. Kwa mwimbaji wa kawaida, ngoma zinazoingia katika maiki huongeza tu ngoma kidogo katika mchanganyiko. Kwa vokoda, kila pigo la ngoma hufungua mikanda ya chini na kukifanya kinanda kitikisike pamoja nalo, na sauti ya spika ya jukwaani inayorudi ndani ya maiki huyaviringisha maneno hadi yasieleweke, hata kama hakuna mluzi wowote wa fidibeki uliosikika.

Cha tatu ni uunganishaji na kiwango, yaani kama maiki inaingia katika tundu la kinanda chako na kama inatoa nguvu ya kutosha. Cha nne ni mkao, kwa maana ya mahali mdomo na mikono inapokuwa wakati wa kupiga. Cha mwisho ni gharama, na humo nahesabu pia waya, stendi na vifaa vya katikati ambavyo watu husahau.

Maiki ya shingo inayokuja na kinanda

Hii ni ile yenye shingo inayopindika, inayochomekwa juu ya kinanda. Korg waliiweka kwenye microKORG, Novation kwenye UltraNova na MiniNova, Roland kwenye JD-Xi.

Usomekaji wake wa maneno ni wa kuridhisha. Mtengenezaji ameipima kwa kinanda chake, hivyo programu za vokoda zilizomo tayari huitikia bila kurekebishwa sana. Baadhi ya maiki hizi huwa nyembamba upande wa chini, jambo ambalo katika kurekodi sauti ya kawaida lingekuwa dosari, ilhali hapa linasaidia, kwa sababu mikanda ya chini haijai hewa na mvumo.

Katika kukataa kelele, maiki ya shingo ina udhaifu ambao hautokani na kipokezi chake bali na mahali ilipofungwa. Imeshikamana na mwili wa kinanda, kwa hiyo kishindo cha vidole kwenye vitufe hupanda kupitia shingo na kufika kwenye maiki. Ukipiga kwa nguvu utasikia kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zikishtuka kabla hujatamka neno. Mpangilio wa kinanda unaozima sauti ndogo chini ya kiwango fulani husaidia. Kwenye microKORG mipangilio hiyo inaitwa GATE SENSE na THRESHOLD.

Uunganishaji ndio sifa yake kuu, kwa sababu hakuna cha kuunganisha. Lakini yapo masharti mawili ya kujua. Tundu la juu linaweza kuwa la XLR, lile la pini tatu, na bado lisiwe tundu la kawaida: linaweza kuwa limetengenezwa kwa ajili ya maiki yake tu na lisitoe volti 48 ambazo maiki za studio huhitaji. Vilevile, maiki ya shingo ya kinanda kimoja usidhani itafanya kazi kwenye kingine kwa sababu tu plagi zinafanana.

Mkao ni mzuri kwa anayekaa. Mikono iko huru na macho yako kwenye vitufe. Anayesimama, au anayepiga kinanda kikiwa ngazi ya chini ya stendi ya vinanda viwili, hulazimika kuinama ili mdomo uifikie, na kuinama huko hubana pumzi. Gharama ni sifuri kwa kuwa umekwisha kuilipia, ingawa ikivunjika kupata nyingine ya aina hiyohiyo si rahisi kama kununua maiki ya dukani.

Inamfaa anayejifunza, anayetunga nyumbani, na anayetumia vokoda kwa misemo mifupi ndani ya wimbo.

Maiki ya dainamiki ya mkononi, kwenye stendi

Dainamiki ni maiki ya kawaida ya waimbaji, isiyohitaji umeme wa nje. Hapa ndipo wengi wangepaswa kuanzia wanapoona maiki ya shingo haiwatoshi, hasa kwa kuwa huenda tayari wanayo. Mfano unaojulikana kila mahali ni Shure SM58, iliyotoka mwaka 1966, yenye masafa ya hezi 50 hadi 15,000. Zipo za bei ya chini zaidi, kama Behringer XM8500, ambazo kwa kazi ya vokoda hukaribia sana, kwa sababu tofauti zinazozitenganisha katika uimbaji wa kawaida ndizo zilezile ambazo vokoda huzitupa.

Usomekaji wa maneno ni mzuri, kwa kuwa maiki za aina hii zimenyanyuliwa kidogo katika masafa ya maneno ili mwimbaji asikike juu ya bendi. Tatizo moja hujitokeza mdomo ukigusa wavu: masafa ya chini huvimba, mikanda ya chini ya vokoda hubaki wazi muda wote, na kila irabu huanza kufanana na "o". Rudi nyuma upana wa vidole viwili au vitatu. Ikiwa kinanda chako au mikisa ina kitufe cha kukata masafa ya chini, kiwashe. Kwenye mikisa ndogo nyingi hukata chini ya hezi 80 hivi au 100, na hakuna neno la Kiswahili litakalopotea humo.

Kwa kelele, dainamiki yenye mkao wa kadioidi, inayosikia mbele na kuziba nyuma, ni imara. Isimamishe ili sehemu ya nyuma ya maiki ielekee kwenye spika yako ya jukwaani na ngoma ziwe pembeni au nyuma yake. Kwa kuwa iko kwenye stendi yake yenyewe, haipokei kishindo cha vitufe, mradi stendi hiyo haigusi ile ya kinanda.

Uunganishaji ndio unaowachanganya watu zaidi, kwa hiyo nitaueleza kwa kirefu. Vinanda kama Roland JUNO-DS vina tundu la maiki la plagi kubwa ya robo inchi, na vingine, kama Yamaha MODX, vina matundu ya kuingizia sauti ambayo lazima uyawekee ndani ya mipangilio kwamba kilichochomekwa ni maiki na si kifaa cha laini, yaani kile kinachotoa sauti yenye nguvu kuliko ya maiki. Maiki ya XLR huingia humo kwa waya wenye XLR upande mmoja na plagi kubwa upande wa pili. Waya huo ukiwa mfupi, mita tano au chini yake, kwa kawaida hauleti mvumo wa kusumbua. Shida inayofuata ni kiwango. SM58 hutoa karibu milivolti 2 tu kwa sauti ya kawaida ya karibu, na baadhi ya vinanda vina ukuzaji mdogo wa ndani, kwa hiyo unaona taa ya maiki ikigoma kuwaka ilhali geini, yaani kirekebishi cha ukuzaji, iko mwisho. Kabla hujailaumu maiki, jaribu kigeuzi chenye transfoma badala ya waya mtupu: transfoma yenye uwiano wa 1 kwa 10 hupandisha volti mara kumi, sawa na desibeli 20, bila betri wala umeme wowote, mradi inaingia katika tundu lenye ukinzani mkubwa.

Kuna tahadhari moja. Waya wa XLR kwenda plagi kubwa isiyo na mizani (yenye njia mbili tu za umeme badala ya tatu) huunganisha pini ya 3 na ya 1. Usiuchomeke kamwe mahali ambapo volti 48 zimewashwa, kwani umeme huo utapita upande mmoja tu na unaweza kudhuru maiki au kifaa.

Mkao wake ni wa wastani. Mikono iko huru, lakini ukigeuza kichwa kutazama mpiga ngoma au kiongozi wa kwaya, maneno hupungua na vokoda hunyamaza, kwa sababu umeacha kuiendesha. Gharama hutofautiana: SM58 halisi huuzwa kwa takriban dola 100 za Marekani, na za bei ya chini ni sehemu ndogo ya hapo. Nakala bandia za SM58 zimeenea sana. Ile halisi ina uzito wa gramu 298, na ukipewa nyepesi kama ganda, iache. Ongeza stendi yenye mkono, kwa kuwa stendi iliyonyooka haiwezi kuvuka kinanda.

Inamfaa mpigaji wa kanisani au wa bendi anayetumia vokoda katika nyimbo chache kila ibada au onyesho, na anayetaka maiki hiyohiyo imtumikie kuimba kawaida pia.

Maiki ya kichwani

Kwa anayeimba kupitia vokoda wimbo mzima, maiki ya kichwani ina faida ambayo nyingine hazina: umbali haubadiliki. Vokoda hupima nguvu, na nguvu hubadilika sana mdomo unaposogea hata kidogo. Maiki inapokaa sentimita mbili kutoka pembe ya mdomo tangu mwanzo hadi mwisho, kila silabi hufika kwa kiwango kilekile na kinanda hutamka kwa usawa ambao kwenye stendi huupati bila kujizuia kugeuka.

Usomekaji basi ni bora sana, kwa sharti kwamba kapsuli, yaani kichwa cha maiki kinachopokea sauti, ikae pembeni ya mdomo. Ikikaa mbele kabisa, pumzi za p na b hufyatua mikanda ya chini, na hata kupumua kwa pua hugeuka kodi inayohema.

Kwa kelele, hapa lazima utenganishe aina mbili zinazofanana machoni. Zile nyembamba za rangi ya ngozi zinazotumiwa na wahubiri na watoa mada mara nyingi husikia pande zote. Ukizileta karibu na ngoma, vokoda itapiga ngoma. Unayohitaji ni ya kadioidi au iliyobanwa zaidi ya hapo, yenye kapsuli inayoelekea mdomoni. Shure WH20 ni mfano wa dainamiki ya kichwani, na hupatikana katika toleo lenye XLR na toleo lenye plagi kubwa ya robo inchi, ambalo huingia moja kwa moja kwenye vinanda vingi.

Uunganishaji wa dainamiki ya kichwani ni sawa na wa dainamiki ya mkononi. Nyingi za nyingine ni za kondensa ndogo, aina ya maiki isiyofanya kazi bila umeme, zinazohitaji umeme kidogo kutoka kwenye kisambaza mawimbi kinachovaliwa kiunoni. Hapo unaunganisha kipokezi cha mawimbi hayo kwenye kinanda, unatazama kama kinatoa kiwango cha maiki au cha laini, na unabeba betri za akiba. Maiki ya kompyuta au ya simu, yenye plagi ndogo, haifai hata ikitumia kigeuzi cha umbo.

Mkao ndio nguvu yake. Gharama huanzia wastani na kupanda haraka ukitaka isiyo na waya. Kasoro yake jukwaani ni kwamba huwezi kujiondoa mbele yake: kikohozi, mazungumzo na mwenzako na hesabu ya kuanzisha wimbo vyote huingia. Weka kifaa cha mguu cha kuzimia, au ujizoeze kubadilisha programu ya kinanda mara tu sehemu ya vokoda inapokwisha.

Maiki ya kondensa ya studio

Katika chumba tulivu hii husoma maneno kuliko zote. Unyeti wake ni mkubwa, mara nyingi milivolti 10 hadi 20 pale ambapo dainamiki ingetoa 2, kwa hiyo hata mnong'ono unaiendesha vokoda. Hilo si jambo dogo, kwa sababu vokoda haihitaji uimbe. Noti zinatoka kwenye vidole vyako, na mnong'ono una umbo la irabu na konsonanti zote. Sauti inayotoka hapo ni safi na ya ajabu, nayo ni vigumu kuipata kwa dainamiki kwenye kinanda chenye ukuzaji mdogo.

Unyeti huohuo ni adhabu jukwaani, na hata nyumbani husikia feni, pikipiki ya nje na mvua juu ya bati. Kwenye uunganishaji, usitegemee kinanda kutoa volti 48. Utahitaji mikisa au kadi ya sauti inayozitoa, kisha utoe sauti kwa kiwango cha laini na kuiingiza kwenye kinanda kupitia tundu la laini. Faida ya njia hii ya mzunguko ni kwamba unapata pia ukataji wa chini, na mara nyingine kompresa (kifaa kinachosawazisha nguvu ya sauti), kabla ya vokoda. Maiki za USB hazina njia hiyo. Zimetengenezwa kwa kompyuta na kinanda hakizitambui.

Mkao haubani sana ukiwa studio, kwa kuwa si lazima ufanye yote kwa wakati mmoja: rekodi maneno kwanza, yarudishe kupitia kadi ya sauti hadi kwenye kinanda, kisha upige kodi kwa utulivu. Gharama ni ya juu ukijumlisha vifaa vya katikati. Inamfaa mtayarishaji mwenye chumba cha kurekodia na kadi ya sauti aliyonayo tayari, na si mwingine.

Majaribio mawili kabla ya kulipa

Chagua sauti yenye wimbi la msumeno, kwa kuwa ina masafa mengi ya kuchongwa. Sauti laini kama filimbi itakufanya uidhanie maiki ni mbovu. Shikilia kodi katikati ya kinanda na utamke, bila kuimba, "pika, fika, shika, zika", huku mtu asiyejua maneno hayo akisikiliza na kuyarudia. Akikosea, kabla ya kubadilisha maiki pandisha mpangilio unaopitisha masafa ya juu ya sauti yako moja kwa moja, ambao kwenye microKORG unaitwa HPF LEVEL.

Jaribio la pili ni la ukimya. Shikilia kodi hiyohiyo, funga mdomo, na umwombe mpiga ngoma apige kama anavyopiga Jumapili. Kodi ikinyamaza, maiki na mahali ilipo vinafaa. Ikiruka kwa kila pigo, sogeza na ugeuze maiki kwanza, kisha ndipo ufikirie kununua nyingine.

Uchague ipi kwa hali yako

Ikiwa ndiyo kwanza umepata kinanda chenye maiki ya shingo na unapiga nyumbani, baki nayo hadi utakapoweza kusema kwa neno moja inachokukosesha. Ukisema ni kuinama au kishindo cha vitufe, dainamiki kwenye stendi itakuondolea vyote viwili.

Ikiwa kinanda chako kina tundu la maiki tu bila maiki yake, na kanisa au bendi ina dainamiki za ziada, azima moja na ununue waya mfupi pekee. Kiwango kikiwa chini, ongeza kigeuzi chenye transfoma kabla ya kitu kingine chochote.

Ikiwa unaimba kwa vokoda wimbo baada ya wimbo, umesimama, na unaongoza wenzako kwa macho na kichwa, weka fedha kwenye maiki ya kichwani inayoelekea mdomoni, ya waya kwanza. Isiyo na waya ifuate utakapothibitisha kwamba unaihitaji.

Ikiwa unarekodi na una kondensa tayari, itumie bila wasiwasi kupitia kadi ya sauti. Ikiwa huna, na vokoda ndiyo sababu pekee ya kuitaka, dainamiki yako inatosha. Fedha hiyo ingefanya kazi zaidi kwenye hedifoni zilizofungwa, ambazo huzuia sauti ya kinanda isirudi ndani ya maiki unaporekodi.

Na ikiwa jukwaa lenu ni dogo, ngoma ziko mgongoni mwako na spika iko mbele ya magoti, chukua dainamiki ya kichwani au ya stendi iliyo karibu kabisa, omba vokoda ipunguzwe katika spika yako mwenyewe, na usikilize kwa hedifoni ya sikio moja.